Kishikwambi Namba Kumi na Saba

Watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hawapendi kuzichukulia karibu na kwao. Zubeda alikuwa anakaa Wazo, nyumba moja na mama mkwe, na kila baada ya miezi mitatu alivuka jiji zima mpaka Gongo la Mboto, akiaga kwamba anakwenda kumwona shangazi. Shangazi mwenyewe hakuwepo. Kulikuwa na kliniki ndogo na muuguzi aitwaye Atuganile, ambaye hakuwahi kuita jina la mgonjwa kwa sauti.

Sekela alimkuta Zubeda pale siku alipopeleka vishikwambi vipya vya kuhifadhia mafaili ya wagonjwa. Kazi yake Sekela ilikuwa kulinda mtandao wa shirika lililosimamia kliniki hizo, ofisi yao ikiwa Kinondoni, na Atuganile alikuwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu darasa la tatu. Zubeda alikitazama kile kioo jina lake lilipokuwa linaingizwa, uso umemkauka.

"Mdogo wangu, humo ndani nani ananisoma?"

"Hakuna, dada. Kila kifaa tunakiangalia wenyewe. Kikienda kusikoeleweka, tunakifungia hapohapo."

Zubeda akashusha pumzi, akamshukuru kama mtu aliyepewa kitu.

Na Sekela hakudanganya, kwa siku ile. Mfumo wao ulitengenezwa usimwamini mtu yeyote, awe mkurugenzi au mfagizi. Kifaa hakikuachwa kwa sababu jana kilikuwa kizuri. Kilihojiwa upya kiko wapi na kimefunguliwa na nani. Mambo yakiwa shwari kilihojiwa mara moja kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi. Hatari ikipanda, kila dakika kumi. Mwezi Machi hatari ikapanda kweli, wezi wa mtandaoni walipoingia kwenye hospitali mbili za mikoani, na Bwana Albano, bosi wake Sekela, akaamuru vifaa vyote vihojiwe kila dakika kumi.

Kesho yake mama mdogo akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sekela, hiki kidude chenu kinaganda! Kila nikifungua faili kinazunguka weee. Nina watu arobaini kwenye benchi, na wewe unajua watu wangu hawataki kuonwa wamekaa pale. Leo sita wameondoka bila dawa."

"Ni amri, mama. Hali siyo nzuri."

"Hali gani? Mie nimekuogesha, nimekupeleka shule, leo unanichunga kama mwizi?"

Hilo lilimchoma. Angeweza kwenda kwa Albano wakatafuta njia, wakapunguza maswali bila kuacha kuuliza. Lakini kumwendea Albano kulitaka barua, na barua ilitaka wiki, na wale sita walikuwa wameshaondoka. Akakitafuta kishikwambi namba kumi na saba, cha mama mdogo, akakirudisha kwenye kuhojiwa mara moja kwa siku. Mfumo ukamtaka aandike sababu. Akaandika: mtumiaji anafahamika. Kazi ya nusu dakika, na moyo wake ukatulia kabisa.

Wiki tatu baadaye kishikwambi kilianguka mezani, kioo kikapasuka. Utaratibu ulisema kiripotiwe, kiletwe kingine, na kingine kingekuja mwezi ujao kama kingekuja. Atuganile akafanya ambacho Dar nzima hufanya: akakipeleka Manzese kwa fundi. Fundi akaomba pasiwedi, maana bila pasiwedi atakijaribuje kioo? Yule mama, ambaye angekatwa ulimi kabla ya kutaja jina la mgonjwa, akaiandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika mgongoni mwa kifaa. Alikiacha saa tatu asubuhi, akakifuata saa kumi jioni. Kioo kilikuwa safi, akashukuru.

Asubuhi mfumo ulipohoji, kishikwambi kilikuwa kimesharudi ndani ya droo Gongo la Mboto. Kwenye skrini ya Sekela ikawaka rangi ya kijani, akaendelea na chai yake.

Ni mkono wa nani ulionakili orodha ya wagonjwa, haikujulikana kamwe. Kwenye kile kibanda walipita wengi. Siku ya nne orodha ilikuwa inaruka kutoka simu hadi simu, majina mia nne na kumi na mawili, na mtaa wa kila mtu. Wifi yake Zubeda aliipata kwenye kundi la ukoo. Aliisoma kwa sauti uani, mbele ya wapangaji. Jioni ile nguo za Zubeda zilikuwa barabarani, watoto wamefungiwa ndani wanalia, na mume amesimama mlangoni akitazama tu.

Ofisini Albano aliuliza mbona mfumo haukupiga kelele. Sekela akasema siku ile kifaa hakikuwa na mtandao. Albano, aliyekuwa na simu tatu za wakubwa zikimsubiri, hakufungua kumbukumbu za mfumo. Atuganile akaachishwa kazi peke yake, baada ya miaka kumi na tisa. Sekela aliona aibu iliyomkosesha usingizi, lakini hakusema.

Zubeda hakurudi kuchukua dawa. Simu yake haikupatikana. Novemba, siku ya Jumapili baada ya ibada, Atuganile alikuja kwa Sekela, akakaa bila kuvua kitambaa kichwani.

"Zubeda amefariki," alisema. "Kifua kikuu. Amefia kwa watu baki huko Mkuranga. Nilikwenda, nimekuta kaburi."

"Kuna kitu hakiniingii akilini, mwanangu. Kosa nimefanya mie, nalibeba. Lakini kile kidude kilikaa Manzese saa saba nzima. Wenzangu wa kliniki nyingine wanasema vya kwao vikitoka nje ya geti tu vinazima. Changu nyie mlikuwa mnakiangaliaje?"

Sekela akasogea karibu yake.

"Nilikiondoa mie kwenye ule ukaguzi wa kila dakika kumi, mama. Ile siku uliyopiga simu. Kilikuwa kinaangaliwa mara moja tu, asubuhi. Nilikuwa nakuamini."

Atuganile alimtazama, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Ungenifungia tu, mwanangu," akasema. "Ningekasirika siku mbili."