Kibla ya Mahrous

Watu wa meli walitupa saa nne tu. Saa nne za kupanda kijijini, kupiga picha, kununua asali na kurudi. Mimi sikuja kwa asali. Nilikuja kulitafuta kaburi la kaka yangu.

Kaka yangu Harub alikuwa mpishi katika meli ya mizigo ya Wagiriki. Mwaka 1969, sisi bado tuko Unguja, ikaja barua ya mwenziwe wa jikoni, Mahrous, mtoto wa mtaani kwetu. Harub kashikwa na homa, kafa, kateremshwa kisiwa kimoja cha Wagiriki, kazikwa huko. “Tumemkosha, tumemswalia, tumemlaza ubavu wa kulia, uso kibla.” Jina la kisiwa kaliandika chini.

Mama akampelekea barua ndugu yake, mjomba Humaid, ambaye ndiye msomi wa ukoo, ili amsomee mwanawe hitma. Mjomba akaisoma mara mbili, akaikunja.

“Haya maneno ya kuliwaza watu,” akasema. “Mtu kawapikia nguruwe, kaishi nao, kafa nao. Basi na kuzika wamezika wao, kwa desturi yao. Sisomi mpaka nipate yakini.”

Mahrous hakurudi tena, hata aulizwe. Tukahamia Omani, na Mama akafa Ibra mwaka 1988. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa hili: “Khamisa, mwanangu alipata kibla?” 

Mwaka 2006, mjukuu wangu Manar, wa benki kule Nizwa, akaitafuta meli ya watalii inayopita kisiwa kile kile. Mimi nina miaka sitini na tisa, goti moja langu, jingine la daktari. Nikamwambia twende.

Kijiji kimekaa juu ya mwamba, kama mtaa wa zamani wa Fanja kule Omani, ila chenyewe kimepakwa chokaa mpaka macho yanauma. Milango buluu. Mirehani imeoteshwa ndani ya makopo vizingitini, na paka kila ngazi, wanene kuliko maharusi. Ngazi hizo goti la daktari lilizikataa, nikatafutiwa punda. Punda akanitazama, nami nikamtazama.

“Tustahamiliane, bwana,” nikamwambia.

“Bibi, watu wanatutazama,” Manar akanong’ona.

“Waache. Kizee cha Ibra juu ya punda wa Kigiriki, wataona tena lini?”

Makaburi yako nyuma ya kanisa, mwisho wa kijiji. Tukamkuta bibi mmoja anafagia, kavaa nyeusi kuanzia kilemba mpaka viatu, nikadhani yumo edani. Manar akamsemesha Kiingereza, mwenzetu hana. Basi wazee tukazungumza kwa mikono. Nikamchorea meli hewani. Nikakoroga sufuria. Nikalaza shavu kiganjani, nikafumba macho. Kisha, goti na lilie, nikasujudu pale pale kwenye changarawe.

Yule bibi akaweka fagio. Akanishika mkono.

Alinipitisha kwanza kwenye kijumba chenye masanduku ya mbao, kila sanduku na picha ya mwenyewe. Akafanya ishara ya kuchimba, ya kuosha, ya kufunika. Nikafahamu: hawa, miaka ikipita, huwafukua maiti wao wakaihifadhi mifupa. Basi na Harub kafukuliwa, nikasema moyoni. Lakini yeye akanivuta mpaka pembeni, penye ukuta, kwenye kaburi lisilo msalaba wala jina, jiwe kubwa kichwani na dogo miguuni. Akalionesha, kisha akafungua viganja vyake viwili, vitupu. Huyu hakuwa na mtu wa kumfukua. Kwa kukosa wenyewe, akasalimika.

Manar akatandika msala wake wa kuswalia, ule wenye dira ndogo iliyoshonewa juu. Kule melini tuligombana na dira hiyo siku tatu. Meli ikigeuka na sisi tunageuka. Akaitazama. Akaizungusha. Uso ukambadilika.

“La, ya Bibi. Hii si yake.”

“Kwa nini?”

“Makka iko huku,” akaonesha baharini, kusini na mashariki. “Hii kaburi imeangalia kule, shamali. Makka kaipa mgongo. Huyu mtu si Muislamu. Khalas, Bibi, twende, meli itatuacha.”

Nikasimama kama niliyemwagiwa maji. Miaka thelathini na saba, na mjomba ndiye aliyesema kweli?

Nikayatazama makaburi ya Wagiriki, safu kwa safu. Wote vichwa magharibi. Huyu peke yake kichwa mashariki, kakilaza walikoweka miguu wenziwe. Ukilazwa hivyo kwa ubavu wa kulia, uso wako waelekea kaskazini barabara.

Kaskazini.

Lakini kwetu Unguja nani aliyekuwa akisema kaskazini? Makka iko juu yetu, sawasawa. Tukisema kibla. Chumba cha kibla. Sogeza kitanda kibla. Mtoto hajui kuswali, lakini kibla anaijua, iko upande wa kaskazini, haihami. Na siku tulipofika Ibra, swala yetu ya mwanzo, tuliswali kaskazini vile vile, nyumba nzima, mpaka jirani akachungulia ukutani: “Njooni muone, hawa wanaswalia Irani!”

Kicheko kikanitoka, na machozi juu yake.

“Bibi! Unacheka makaburini?”

“Namcheka Mahrous. Mtu wa sufuria, dira angeijulia wapi? Kaambiwa kibla, kamuelekeza kibla ya mtaani kwetu!”

“Yaani alikosea?”

“Alikosea kosa la kwetu, mwanangu. Mgiriki hawezi kulikosea kosa hili hata umfundishe.”

Manar akakaa chini. Tukasoma Yasini, yeye kwa sauti nzuri, mimi kwa sauti niliyonayo. Yule bibi akakata kitawi cha mrehani, akakiweka penye jiwe la kichwa, kama aliyefundwa na Mama. Nikamtilia viganjani tende zangu zote.

Wiki ya pili, tumesharudi Omani, nikaenda Al Qabil. Mjomba Humaid alikuwa ameshapita tisini, macho hana, kalazwa chumba cha mbele.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Umeliona kaburi lake?”

“Nimeliona.”

“Kibla?”

“Kaelekezwa kaskazini.”

Akavuta pumzi. “Basi nilisema.”

“Mjomba,” nikamwambia, “swala yetu ya mwanzo Ibra, unaikumbuka? Imamu alikuwa nani?”

Akapapasa ukingo wa kitanda, akaushika. Imamu alikuwa yeye.

“Mahrous huyu,” akasema mwishowe, “alisoma Kurani chuo cha nani?”

“Chako, mjomba.”

Akanyoosha mkono, nikamketisha.

“Nigeuze, Khamisa. Nigeuze alikoelekea.”

Nikamgeuza kwenye dirisha la mitende, upande wa kaskazini. Akainua viganja vyake, akaanza kumsomea.