Kinyesi cha Tajiri

Haya nilisimuliwa na binti wa marehemu kaka yangu, Jumanne iliyopita asubuhi, aliponiletea gauni langu alilolipunguza kiuno. Alikuwa na pini mdomoni, na kila alipofika penye aibu alijifanya pini zinamzuia kusema. Nikamngoja. Mtu mwenye siri humharakishi, ataimeza.

Yeye ni fundi cherehani. Tunamwita Mkasi, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Mdogo wake wa kike ni dobi, tunamwita Povu. Mama yao alipokuwa hai aliwapa kila mmoja simbilisi, ndugu wa tumbo moja, wale wanyama wadogo wasio na mkia, wanaopiga kelele wakisikia tu mfuko wa mboga unachakarika. Wa Povu anaitwa Tajiri. Wa Mkasi anaitwa Kifungo. Watoto wa Mkasi wamekua, kila mmoja yuko kwake. Jioni akifungua mlango, anayemshangilia ni Kifungo peke yake. Ukimtoa Kifungo, nyumba ile imebaki na cherehani.

Sasa, Mkasi anamwonea gere mdogo wake tangu siku aliyoletwa nyumbani amefungwa kwenye khanga. "Shangazi, mimi nikipanda ua linakufa," aliniambia. "Yule akitupa kitunguu kilichooza, kinachipua!"

Basi Kifungo akaota jipu shavuni. Povu akapiga simu: "Dada, mpeleke kwa daktari wangu wa mifugo, ana mkono mwepesi."

Angesema "daktari" tu, Mkasi angekwenda. Alisema "wangu". Mkasi akakata simu, akafungua droo, akatoa vidonge alivyobakiza alipoumwa jino, antibiotiki za watu. Akapasua kimoja, akakoroga unga wake kwenye maji, akamnywesha Kifungo. Siku tatu hivyo hivyo. Jipu likanywea, naye akampigia mdogo wake kumtambia kwamba mnyama amepona bila daktari wa mtu.

Siku ya nne Kifungo alijikunyata pembeni, manyoya yamesimama. Alipewa pilipili hoho, akageuza uso. Tumbo lilijaa kama mpira, na chini yake palikuwa na uchafu wa majimaji. Hapo ndipo Mkasi alipombeba kwenye kikapu cha vitambaa, akaenda kwa daktari yule yule.

Daktari, mwanamke mfupi asiye na haraka, akaminyaminya tumbo. "Umempa nini?"

"Dawa."

"Dawa gani, mama?"

Mkasi akatoa karatasi ya vidonge. "Ilinisaidia jino."

"Wewe na simbilisi wote mna meno, lakini tumbo si moja. Lake lina vijidudu vyema vinavyomsagia majani. Dawa hii imefagia vyote, vyema na vibaya, na vibaya ndivyo vimewahi kurudi."

Akamwambia aache dawa ile mara moja. Akampa bomba lisilo na sindano, na unga wa majani wa kulowekwa, amlishe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili. "Na utafute simbilisi mzima. Uchukue kinyesi chake, ukikoroge na maji ya uvuguvugu, uchuje kwa kitambaa safi, umnyweshe. Ndiyo mbegu ya kupanda upya hilo tumbo. Unamjua mwenye simbilisi mzima?"

"Simjui," alisema Mkasi. Alipofika hapo aliniangalia, kisha akaangalia pini zake.

Akaenda kwa Povu akiwa na Kifungo kapuni, kafunikwa kitambaa kama mkate. Hakwenda kuomba. Alikwenda kuiba.

"Dada! Leo jua limetokea wapi?" Povu alimkaribisha kwa mikono yenye sabuni. Chumba kilinukia mvuke. Pasi mbili, wateja watatu mlangoni, mashuka yamepangwa kama kurasa za kitabu. Nyuma ya meza, Tajiri alikuwa kwenye banda la mbao, amezama katika majani makavu hadi masikioni, mnene kama mto. Roho ya Mkasi ikamchoma. Hata mavi ya mnyama yule yalikuwa mazuri! Mviringo, yamelingana kama yamepimwa kwa futi ya fundi.

Povu alipotoka kumpa mteja suti, Mkasi akapiga magoti, akaanza kuokota na kutia kwenye mfuniko wa kopo la nyuzi.

"Dada, umeangusha nini?"

"Pini."

"Pini za kahawia?"

Mkasi akabaki na mfuniko mkononi. Alijikaza kisabuni, ikashindikana. "Kwa nini wako haumwi?" akapasuka. "Kwa nini kila cha kwako kinanenepa? Mama alikupa aliye bora, nawe unajua!"

Wateja wakaanza kutazama dari. Povu akafunua kapu, akamwona Kifungo. Utani ukamwisha.

"Mama alitupatia wakiwa kwenye gunia moja, Dada. Wewe ndiye uliyetangulia kuchagua." Akachukua ule mfuniko, akaumwaga. "Haya ni ya jana, yamekauka kama pilipili manga. Daktari alishanifundisha, yanatakiwa ya moto moto. Ungeuliza, ningekwambia."

Akafunga duka mchana ule. Akampakata Tajiri juu ya taulo, wakakaa wakingoja, dada wawili watu wazima wakikodolea makalio ya simbilisi. "Haya baba, usituaibishe," Povu alimbembeleza. Yakadondoka manne. Mkasi akayakoroga, akachuja kwa kipande cha pamba cha gauni la mteja wake, akasukuma bomba pembeni mwa mdomo wa Kifungo, tone kwa tone.

Siku mbili walipokezana pale pale dukani kwa Povu. Na kwa siku mbili Mkasi aliumia: Kifungo akinyweshwa na yeye anatema, akinyweshwa na Povu anameza. "Nilitamani apone, shangazi, lakini apone mkononi mwangu."

Siku ya tatu baada ya chakula cha mchana, Kifungo alitafuna jani moja. Kisha jingine. Kisha akaacha punje tano ngumu, nzuri, na Mkasi akamwita dada yake aje kuziona kama wageni wa heshima. Povu akachakarisha mfuko wa hoho. Kifungo akapiga kelele.

"Anakupigia wewe," Mkasi alisema, uso umekunjamana.

"Anaupigia mfuko. Shika basi."

Akaushika. Kifungo akapiga kelele kubwa zaidi, akamwendea mbio mpaka miguuni. Mkasi aliponisimulia hapo, alizitoa pini zote mdomoni.

Povu akajilaza juu ya kochi la wateja, na kabla hajamaliza kupiga miayo akawa anakoroma, kinywa wazi, mkono unaning'inia. Mkasi akamtazama. Hata usingizi unamtii yule! Yeye kwa siku tatu hakupata hata lepe. Akamvuta dada yake mkono, akamwekea kifuani, akamfunika shuka la mteja. Akaketi sakafuni karibu na banda, akaegemeza kichwa kwenye rundo la nguo zenye joto la pasi, akisikiliza Kifungo akitafuna, akitafuna, mpaka naye akalala.