Kifuniko cha Mtutu wa Arlen

Arlen Tveten alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kaskazini mwa Wisconsin, mtu mzito wa maneno, na hakuna aliyewahi kumsikia akijisifu. Ng'ombe wake akishinda kwenye maonyesho ya wilaya, alijibu pongezi kwa kuvuta kofia usoni na kwenda zake. Lakini theluji ilipoyeyuka mwaka ule, binti yake Kaia alimrudishia bastola yake ikiwa na mtutu mpya, na meno ya skrubu pale mdomoni mwa mtutu aliyakata binti mwenyewe kwenye mashine ya kukereza. Hapo ndipo mzee alipofunguka kama bomba lililopasuka.

Kaia alikuwa ndiyo kwanza amekubaliwa kuwa fundi kamili katika karakana ya fundi bunduki mmoja mjini. Meno yale yalikuwa ya kufungia kiziba sauti, kifaa cha kupunguza mlio wa risasi, maana masikio ya Arlen yalikuwa yameanza kuchoka. Kiziba sauti kikitolewa, meno hulindwa na kifuniko, yaani pete nene ya chuma inayozungushwa hadi ikome. Kwenye mashindano ya klabu, ambako watu hulenga sahani za chuma kwa kasi, Arlen alipenda mtutu mwepesi, kwa hiyo alitumia kifuniko.

Jumamosi ya kwanza alisimama mstarini kifua mbele. Sahani ya kwanza ikalia, ya pili ikalia, halafu kitu kidogo kikachomoka mdomoni mwa bastola na kudondoka kwenye kokoto. Kifuniko.

"Shemeji!" alipaza sauti Duane, mume wa dada yake Arlen, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "Bastola yako imeng'oka jino!"

Watu wakaangua kicheko. Arlen naye akatabasamu kidogo.

"Au mtoto aliyakata meno kwa kisu cha siagi?" Duane akaongeza.

Tabasamu likamtoka. Angetukanwa yeye angenyamaza na kusahau kabla ya chakula cha jioni. Lakini hili lilikuwa la Kaia. Aliokota kifuniko, akakipangusa kwenye suruali, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakuwasha redio.

Hakumwambia binti yake. Alikikaza kifuniko kwa koleo hadi kikachubuka ubavu, na Jumamosi iliyofuata kilikaa vizuri raundi ya kwanza, kikalegea ya pili, kikaanguka ya tatu. Duane akamshauri apake gundi ya nati, ile nyekundu ambayo haitoki mpaka uichome moto. "Kazi ikiwa mbovu, unaificha," alisema.

Ijumaa iliyofuata, familia ilikuwa baa kwa samaki wa kukaanga, na Duane, bia mkononi, akayamwaga yote mbele ya Kaia. Kaia hakupandisha sauti. Alikamulia limau samaki wake, akamtazama baba yake.

"Ni kweli kinaanguka?"

"Kinalegea kidogo tu."

"Kimeanguka mara mbili, mwanangu," alisema Duane. "Mbele ya klabu nzima."

"Jumapili, baada ya kanisa," Kaia akamwambia baba yake. "Niletee hiyo bastola kwenye karakana ya nyumbani."

Jumapili Arlen alisimama kando ya meza ya kazi kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Kaia alihakikisha bastola haina risasi, akautoa mtutu, akazungushia kipimo chake kwenye meno. Kipimo kiliingia kwa ulaini na kukomea pale pale kilipotakiwa. Alirudia tena. Kisha akatazama vidole vyake, vilivyokuwa vinang'aa.

"Baba, mafuta yote haya ni ya nini?"

"Ya kuyatunza. Yasipate kutu."

"Na kifuniko unakifungua kila lini?"

Arlen akaanza kukagua dari. Mkewe, Marit, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha kahawa, akamjibia.

"Muulize mwenye duka la malisho. Muulize dereva wa lori la maziwa. Muulize na mchungaji."

"Mpaka mchungaji?"

"Aliuliza mwenyewe habari zako," Arlen akajitetea. "Nikaenda kuuchukua mtutu garini nimwonyeshe. Kuna ubaya?"

Kaia alicheka hadi akakaa chini. Mzee wake, ambaye siku ya mahafali alimpa mkono tu kama wanaofunga biashara ya ndama, alikuwa akizunguka wilaya nzima akifungua kifuniko ili watu watazame meno yale, kisha anakirudisha kwa vidole viwili maana kesho atakutana na mwingine. Na juu yake anamimina mafuta. Kila risasi ikitoka, mtutu unatikisika, na kifuniko kinateleza kidogo kidogo hadi kinatoka.

"Si meno, Baba. Ni wewe."

"Basi nipake gundi?"

"Gundi ya nini? Kiziba sauti utakifungaje?"

Alichukua kitambaa chenye spiriti, akayasafisha meno mpaka yakakauka kabisa. Akavalisha kipete chembamba cha mpira kwenye shina la meno, akazungusha kifuniko, akakikaza mpaka mpira ukabanwa na kuanza kusukuma. "Huo msukumo ndio unaokishika," alisema. Mwishowe akachora kwa rangi nyeupe mstari mwembamba, kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye mtutu. "Mstari usipokatika, hakijasogea. Utatazama kwa macho, hutafungua. Tumeelewana?"

"Na mtu akitaka kuona?"

"Aone sahani zikianguka."

Mashindano ya mwisho wa kiangazi yalivuta watu wengi. Kaia alikuja na kusimama nyuma ya uzio.

"Haya shemeji, fungua tulione jino la bandia!" Duane alimkaribisha.

Mikono ilimwasha Arlen. Kwa ukweli kabisa, alitamani kufungua kuliko Duane alivyotamani kuona. "Pamefungwa," alisema, akaenda mstarini.

Alipiga raundi zote. Sahani zikaimba, moshi ukatanda, na kila alipomaliza na msimamizi kuthibitisha bastola haina risasi, alichungulia mstari mweupe. Haukuwa umekatika hata kwa unywele. Mwanamke mmoja wa mji wa Cumberland aliwashinda wote, Arlen akawa wa tatu, na Duane akatafutwa sana kwenye orodha.

Ilipofika zamu ya soseji, Duane alimsogelea Kaia akiwa na haradali kidevuni.

"Mwanangu, ule mtutu wangu... unaweza kuukata meno kama ya baba yako?"

Kabla Kaia hajafungua mdomo, Arlen alijiingiza katikati yao, akavua kofia, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye jiko la soseji:

"Panga foleni, shemeji. Huyu ni fundi, na watu wanamsubiri!"

Kaia akawa mwekundu mpaka masikioni. Arlen alikuwa tayari amemgeukia mtu mwingine, anamweleza habari za kipete cha mpira.