Basi la Kwenda Kwenye Nyota

Yule msichana waliyemwita Sifuri hakujipa jina hilo mwenyewe. Alibandikwa na wenzake darasani siku karatasi za hesabu ziliporudishwa, likamganda mpaka majirani nao wakalichukua, tena kwa mapenzi, utadhani alizaliwa nalo. Na kilichonogesha utani ni kwamba mwalimu wa hesabu alikuwa mama yake mzazi.

Mama huyo hakuwa na mchezo. Nyumbani ni Mama, shuleni ni Mwalimu, ndiyo ilikuwa sheria. Siku moja ulimi ulimteleza Sifuri akasema "Mama" mbele ya ubao, darasa zima likaangua kicheko, naye akasimamishwa nje mpaka kengele ikalia. Mara nyingine mkaguzi aliuliza yule mtoto anayeshika mkia ni wa nani, na mama akajibu bila kupepesa macho, "Ni mwanafunzi kama wengine." Sifuri alikuwa amesimama palepale. Maneno yale yalimkwama kama mwiba wa samaki kooni, na miaka ilipita bila kuutema.

Sasa balaa lenyewe ni hili: mtoto huyo asiyejua saba mara nane alipenda nyota kupita kiasi, na alipokua akasema hataki kazi nyingine yoyote duniani. Ofisi ya hali ya hewa walimpa mtihani wa desimali, akairudisha karatasi nyeupe pee kama alivyopewa. Duka la darubini walimwuliza lenzi hii inakuza mara ngapi, akajibu, "Mara nyingi." Shangazi yake akamshauri afungue kibanda awe anawasomea watu nyota zao, na kwamba yeye shangazi yuko tayari kuwa mteja wa kwanza, maana ana swali kuhusu mume wake.

Ndipo Jumba la Nyota likatangaza kwamba linatafuta msimulizi. Ni ukumbi wa duara, watu wanaegemea viti, taa zinazimwa, na mashine inamwaga anga zima darini. Msimulizi anasimama katikati na kipaza sauti. Aliyetangulia alikuwa bingwa wa hesabu, na kwa hesabu hizo aliwalaza watoto fofofo shule baada ya shule, mpaka walimu wakaanza kuja na shuka.

"Nyota ni hesabu tupu," mama alisema jioni ile, kalamu nyekundu mkononi. "Watakuuliza umbali, watakuuliza mwendo. Utaaibika."

"Nitaaibika mimi au wewe, Mama?"

Mama aliinamia madaftari yake akaendelea kusahihisha.

"Basi naomba siku ya majaribio usije."

"Nije kufanya nini? Kwani sina kazi?"

Siku ilipofika, mkurugenzi wa jumba, mzee mmoja mwembamba aliyezoea kuongea kama anayelipia kila neno, alimpa masharti mlangoni. "Watoto wakilala, kazi huna. Wakibaki macho, tutazungumza."

Sifuri alijikaza kisabuni akasimama katikati. Watoto wa shule walijaa ukumbini wakisukumana. Taa zilipoanza kufifia akamwona mtu mmoja akiingia kwa kuchelewa, mtandio umefunika kichwa chote, miwani ya jua usoni. Miwani ya jua, jamani, ndani ya giza. Akamkanyaga mlinzi, akaomba radhi kwa kunong'ona, akakalia begi la mtoto, kisha akakohoa. Kikohozi kile Sifuri angekijua hata usingizini. Ndicho kilichotangulia kila mtihani maishani mwake.

Lakini anga likawaka darini, na alipoliona akasahau kuogopa. Akawaonyesha nyota nyekundu akasema huyo ni bibi mwenye hasira, amezeeka na amevimba, na wajukuu wote wanakaa mbali. Akawaonyesha kundi la nyota ndogo zilizobanana akasema hao ni ndugu walionyimwa vitanda. "Mwanga wa ile pale," akasema, "ulianza safari bibi zenu wakiwa bado wanaogeshwa kwenye beseni. Umesafiri wakakua, wakaolewa, wakang'oka meno, ndiyo kwanza unaingia machoni mwenu." Hakuna aliyesinzia. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa ameacha mdomo wazi.

Kisha binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua, tukienda na basi, tutafika lini?"

"Ni mbali sana," Sifuri akasema.

"Ndiyo, lakini lini?"

Umbali aliujua. Mwendo wa basi aliujua. Kilichobaki ni kugawanya, na hapo ndipo kichwa kilipogeuka gunia tupu. Mkurugenzi akafunga mdomo, akachomoa kalamu. Sifuri aliiona kazi yake ikienda hivihivi, na akajua angeweza kubuni namba yoyote na watoto wangeipokea. Akapiga moyo konde.

"Mimi hesabu sijui," akasema kwenye kipaza sauti. "Lakini humu ndani yupo anayezijua. Mama, nisaidie."

Sifuri akakumbuka ile kengele, na ule ukuta wa nje ya darasa. Pale nyuma mtandio ukashuka, miwani ikavuliwa, na mama akasimama.

"Nitajie umbali na mwendo," akasema.

Sifuri akamtajia. Mama akatazama darini, midomo ikichezacheza. "Zaidi ya miaka milioni arobaini na tano," akatangaza, "na hapo dereva hajasimama hata mara moja watu wajisaidie."

Watoto wakalipuka kwa kicheko. Sifuri hakuwahi kumsikia mama yake akitania tangu azaliwe.

"Na kurudi je?" binti akauliza.

Mama, kwa mazoea, akamnyooshea Sifuri kidole. Mara mbili tu, jambo la darasa la kwanza. Sifuri akajaribu, zile milioni zikamchanganya zikamtawanyikia, naye akamtazama yule binti.

"Basi la kurudi halipo," akasema. "Anayepanda aage kabisa."

Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa mama, mpaka akakaa tena juu ya lile begi.

Taa zilipowashwa mkurugenzi alimwambia Sifuri aanze kazi Jumatatu. Halafu akamgeukia yule mwanamke aliyekuwa akikunjakunja mtandio wake. "Kumbe wewe ni mwalimu. Huyu alikuwa mwanafunzi wako?"

Walimu wa ile shule walikuwa wamesimama pale, na mlinzi, na watoto wanaopanga foleni kutoka. Sifuri akatazama viatu vyake akisubiri jibu.

"Huyu ni mwanangu," mama akasema kwa sauti ya darasani, ile inayofika mpaka dawati la mwisho. "Hesabu hajui hata kidogo."

Na alilisema hilo kwa majivuno, kichwa juu, akiwatazama mmoja mmoja kuona kama wamesikia.