Mtani na Damu ya Naba

Sira Keita aliketi mlangoni pa chumba cha wagonjwa mahututi, hospitali moja ya Ségou, naye alikuwa ameapa kwamba damu ya mdogo wake haitoki tena hata tone. Naba alikuwa ndani, hajitambui, vijidudu vimemwenea mwilini, na kila mwenye koti jeupe alikuja na sindano.

Daktari kijana alimweleza mbiombio kwamba figo za Naba ziko hatarini. Kipimo cha kawaida kilisema ni nzima, lakini kipo kingine cha damu kinachowahi kuiona hatari. Figo zikifa, hapo mjini hakuna mashine ya kusafisha damu. Sira akagoma. Kama ni nzima, damu ya nini tena?

Kosa lilikuwa la daktari, jamani. Nani huanza na habari za figo bila kusalimia, bila hata kuuliza ukoo?

Daktari akarudi, safari hii polepole. Akauliza hali, watoto, watu wa nyumbani. Kisha akauliza ukoo.

"Keita," akasema Sira.

"Kumbe ni watumwa wetu! Mimi ni Coulibaly. Tangu lini mtumwa akamnyima bwana wake damu?"

Sira akabana midomo, wapi, kicheko kikamtoka. "Mla maharage wewe! Ndiyo maana chumba kizima kinanuka."

Akina Keita na akina Coulibaly ni watani tangu enzi za mababu, na utani ni utani. Hakuna kukasirika, na mtani akiomba hanyimwi. "Haya, chukua," akasema Sira. "Ila ukiniulia mdogo wangu, nitakuzika na sufuria yako ya maharage."

Majibu yalikuja mabaya. Figo zilikuwa zimeanza kuumia kimyakimya. Daktari akaiondoa dawa kali ya vijidudu aliyokuwa akipewa Naba, akaweka nyingine isiyozichosha figo, akarekebisha maji ya dripu. Sira akawa mtu wa kuchungulia mfuko wa mkojo tu. Ulipoanza kujaa, aliusifu mbele ya wauguzi bila haya.

Hatimaye Naba akafumbua macho. Alipopata nguvu za kusikiliza, Sira akamsimulia yote, daktari akiwa palepale.

"Dada," Naba akasema kwa sauti iliyokauka, "umemwachia Coulibaly anitoboe?"

"Nimemwachia. Angeomba mkono mzima ningempa, mradi ubaki wewe."

Halafu Sira akaangua kilio, na daktari, mwenye mdomo wote ule, akamsogezea kiti badala ya kumtania.