Milima Isiyo ya Vidunda

Kwa miaka thelathini Melkizedek, mstaafu wa reli pale Mabwerebwere, aliwaambia wageni kwamba ile picha ya rangi za maji sebuleni kwake ni milima ya Vidunda, na bonde lililo chini yake ni shamba la babu yake. Mzungu aliichora huku akila ugali wa babu. Tembo wa Mikumi nao walipanga foleni wachorwe, ila karatasi ikaisha.

Sasa picha ilikuwa mezani kwa Raheli, mwenyekiti wa kijiji, mkutanoni, na Timotheo, jirani wa Melkizedek, alikuwa akiigongagonga kwa kidole.

"Ushahidi huo! Tangu mkoloni, bonde lote ni mashamba mpaka mtoni. Njia ya ng'ombe iko wapi? Ifungwe!"

Wakulima wakapiga makofi. Njia ikifungwa, mifugo ya Mama Koinet na wenzake ingezunguka nusu siku kufuata maji, na kiangazi hiki. Melkizedek alijisugua magoti. Yalimuuma, na ule uongo nao ulikuwa umeanza kumlemea.

Mama Koinet akainuka, akaisogeza picha karibu na macho. Milima hakuijali. Alitazama maksai wawili pembeni chini, wakivuta jembe.

"Masikio mazima. Hakuna ukoo uliowakata alama. Na pembe nyekundu! Nani Kilosa hii anampaka ng'ombe rangi ya kucha?"

"Ni wa babu yake hao!" Timotheo akadakia.

"Basi aseme mwenyewe."

Wote wakamgeukia. Jibu lilikuwa tayari ulimini: babu alikuwa anaozesha binti, ng'ombe wakapambwa. Wangeamini. Akalimeza.

"Ni India," alisema. "Mwingereza alichora huko, enzi wanaitawala. Aliniachia Jivraj, yule wa duka la vitambaa, siku anahama, nilipompandishia masanduku kwenye behewa. Babu yangu alishona viatu Lumuma. Shamba hakuwa nalo."

"Uongo mwingine!" Timotheo akafoka.

"Hii ndiyo hadithi yake ya kwanza isiyo na tembo," alisema Raheli. "Timotheo, una ushahidi mwingine?"

Timotheo akaketi.

"Njia ibaki wazi," Raheli akaamua.

Nje, Mama Koinet alimbebea Melkizedek picha.

"Mzee Melki, hawa maksai wamechoka."

Akatazama. Vichwa chini, ndimi nje. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwaona.

"Wamechoka sana," alisema, akaketi kwanza kwenye ngazi.