Wahojiwa wa Mnyambe

Kuna watu wanaosema kisasi hakina faida. Hao hawajaibiwa kazi ya miezi saba na mtu wanayemwamkia kila asubuhi.

Mimi niliibiwa. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya usimamizi wa matukio ya kitamaduni, kwa elimu masafa. Mhadhiri nilimwona kwenye simu tu, uso ukikatikakatika kila mtandao ulipolegea. Mchana nilikuwa karani wa kituo cha utamaduni hapa Mkomaindo, mjini Masasi. Mkuu wa kituo, Bwana Shadrack, alikuwa akisoma kozi hiyohiyo. Ametoka mbali, huu ni mwaka wake wa sita huku, na Chimakonde hajui hata cha kuombea maji.

Zoezi letu kubwa lilikuwa kuandika mpango wa tamasha la ngoma, baada ya kuwahoji wenye ngoma wenyewe. Kila Jumamosi nilipanda Newala mpaka kijiji cha Mnyambe, nikakaa mkekani na akina mama kumi na wawili wa kundi la Bibi Anjelina. Nilibangua nao korosho mpaka vidole vikababuka, huku nikiandika nani huanzisha wimbo, nani huitikia, na nani hasimami karibu na nani kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Majina yao yote, pamoja na namba zao za simu, niliyaorodhesha mwishoni kama wahojiwa.

Kompyuta sina, niliandikia ya ofisini. Bwana Shadrack akaniambia, "Mama Chrispin, niachie siku mbili niipitie, nikurekebishie."

Nikamshukuru! Shukrani ile ndiyo inayoniuma kuliko yote. Alibadili jina la juu tu, akaipeleka chuoni siku moja kabla yangu. Mashine ya chuo inayokagua wizi wa maandishi haimjui mtu, inajua nani kawahi. Barua ikaja kwangu kwamba mwizi ni mimi, Bernadeta, na nina siku arobaini na tano za kujitetea, la sivyo nafutwa masomo. Nikapeleka picha za madaftari yangu. Wakajibu kwamba daftari linaweza kuandikwa hata jana.

Nilipomkabili, hakutikisika. "Una ushahidi?" akauliza, huku akikoroga chai. Niliomba kimoyomoyo imbabue ulimi.

Kisha akaanza kuitekeleza kazi yangu mbele ya macho yangu. Chuo kilitaka tamasha lifanyike kweli, na video ipelekwe pamoja na tafsiri ya nyimbo. Kundi lilikuwa lilelile la Bibi Anjelina, maana mpango ulilitaja. Akawatumia barua yenye muhuri.

Nikapanda Mnyambe siku ya pili yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevimba uso hivyo?"

Nikamweleza yote. Nikamwomba wasiende, uwanja ubaki mtupu, mtu yule aaibike mbele ya wageni wake. Bibi Anjelina akacheka.

"Kususa ni hasira za mtoto," akasema. "Tukisusa, atatafuta wengine. Niambie, huyo mtu alishafika hapa kwangu?"

"Hata siku moja."

"Basi tutakwenda. Tutamwimbia hilohilo."

Kwetu linaloimbwa ngomani halina kesi. Mwanamke anaweza kumwimba mumewe, mwenyekiti wa kijiji, hata mkwe, na aliyeimbwa hunyamaza. Hata kwenye mpango wangu nililiandika jambo hilo, ukurasa wa tisa. Angekisoma alichokiiba, angejua.

Siku ilipofika, uwanja wa Newala ulijaa. Bwana Shadrack alivaa shati jekundu la kitenge. Bibi Anjelina akaanzisha, kwa Chimakonde cha ndani kabisa:

"Mimi Anjelina, aliyenihoji ni Bernadeta. Wewe mwenye shati jekundu, kwangu hukufika."

Wenzake wakaitikia, "Futa mdomo, umekula cha mwenzio, futa mdomo!"

Wakaja mbele mmoja mmoja, kila mtu na jina lake. Veridiana aliimba kwamba habari za marehemu mama yake alimsimulia Bernadeta peke yake, sasa yeye mwanamume kazipata wapi? Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kwa kelele za ngoma Bwana Shadrack hakunasa hata jina langu, akadhani anasifiwa. Akaingia katikati, akakata kiuno, akawabandika noti kwenye vipaji vya nyuso, na mpiga picha akachukua kila kitu. Dorika alipomnyooshea kidole karibu na pua, naye akampungia mkono. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na sikuona aibu hata kidogo.

Jumatatu akaniwekea video mezani. "Mama Chrispin, nitafsirie hizi nyimbo. Mwisho wa kupeleka ni leo saa kumi jioni. Na yale mengine tuyasahau, maisha ndivyo yalivyo."

Watu wa aina yake hudhani aliyenyamaza ameshindwa. Nilitafsiri neno kwa neno, majina yote kumi na mawili, kurasa mbili. Sikutia chumvi, haikuhitajika. Saa tisa na nusu nikampelekea.

"Soma kwanza, bosi," nikamwambia.

Akaangalia saa, akafunua ukurasa wa mwisho, akatia sahihi, akapeleka.

Wiki mbili baadaye chuo kikawapigia simu akina mama wale, mmoja mmoja, na mkalimani wao. Swali lilikuwa moja: nani alikaa kwenye mkeka wako? Shauri langu likafutwa, lake likaanza. Akaondolewa kwenye masomo, na nakala ya barua ikaenda kwa bodi ya kituo.

Alikuja mezani kwangu na barua hiyo, macho mekundu. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijapata kuisikia hivyo.

"Mama Chrispin, nina watoto wanasoma. Ungenitonya tu, hata kwa neno moja."

Nilijaribu kumwonea huruma. Haikuja.

"Nilikwambia usome kwanza."

"Ulijua sitasoma."

"Nilijua," nikamjibu. "Ndiyo maana nilikwambia."